Haki ya Jirani wa Bondeni
Mhadhara juu ya majitaka, mvua na mito ya mji



Nimeitwa kusema juu ya jambo ambalo waungwana, tangu zamani, wamelisitiri kwa ukuta na kulitaja kwa lugha ya staha, na natambua kwamba si rahisi kuwaketisha watu wenye shughuli zao wasikilize habari za vyoo, machemba na mitaro. Lakini kwa kuwa jambo lenyewe, likiachwa kimya, hujitangaza barabarani kila masika kwa harufu isiyomchagua tajiri wala fakiri, naona ni afadhali tulizungumze sisi kwa adabu kabla halijajizungumza lenyewe kwa ufidhuli.

Mji nitakaouchukua kuwa mfano ni huu wetu wa Dar es Salaam, na mto ni Msimbazi, ambao huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukiwa mto wa msituni usio na hatia, ukashuka kupita Tabata na Vingunguti, ukapokea vijito vya Ubungo na Sinza, ukatandaa Jangwani, na mwisho ukajimwaga katika Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander, katikati ya mikoko. Baina ya mwanzo wake na mwisho wake mto huu hupokea, kwa idhini na bila ya idhini, karibu kila kitu ambacho watu wa mji wameona hakiwafai. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, wamefundisha kwamba maji yakishafika kiasi kiitwacho kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi tu, ila itakapobadilika moja katika sifa zake tatu, yaani rangi, ladha au harufu. Nami sihitaji kilemba cha ufakihi ili kutoa hukumu juu ya Msimbazi unapopita Jangwani siku ya pili baada ya mvua: ladha yake sijamsikia mtu aliyethubutu kuieleza, ila rangi na harufu zimekwisha kutoa ushahidi wao.

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote yatupasa kujua namna kitu kinavyofanya kazi. Majitaka ya mji wetu yana njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, ambayo hutoka chooni, bafuni na jikoni, yakakutana katika machemba, na kutoka chemba hadi chemba maji yakateremka kwa uzito wake yenyewe mpaka mahali palipo chini mno, ambapo hapana budi pampu iyainue. Baadhi ya maji hayo, ya katikati ya mji, hupelekwa baharini kwa bomba. Mengine hupelekwa katika mabwawa, kama yale ya Vingunguti, ambamo hukaa siku nyingi yakihama kutoka bwawa moja hadi jingine, uchafu mzito ukituama chini na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa, kisha jua, upepo na mwani vikafanya katika mabwawa ya mbele kazi ambayo mataifa mengine huifanya kwa mitambo ya gharama kubwa. Na maji yakishapungukiwa na ukali huachiliwa kuingia Msimbazi. Njia ya pili, na ndiyo ya watu wengi zaidi, ni shimo: choo cha shimo au tangi la uani, ambalo likijaa hunyonywa na gari, au halinyonywi. Hayo ya kutonyonywa nitayarudia, kwa kuwa ndiyo mazito kuliko yote.

Neno langu kubwa la leo ni hili: katika njia zote mbili maji hufuata mteremko, na kwa kuwa hufuata mteremko, anayeziba siye anayefurikiwa. Bibi wa nyumba iliyo mwinukoni akimimina mafuta ya kukaangia katika sinki lake, bomba lake yeye litabaki wazi na maji yake yataondoka kwa utii. Mafuta yatakwenda kuganda mbali, penye kona au penye mteremko hafifu, na siku ya kufurika majitaka yatauinua mfuniko wa chemba mbele ya mlango wa mtu ambaye hajapata kumwona bibi huyo wala kulijua jina lake. Dini na desturi zetu zimetufundisha haki za jirani, na wazee wakahesabu nyumba arobaini kila upande. Lakini bomba na mto vimeivuka hesabu hiyo, vikamfanya mtu wa Ubungo kuwa jirani wa mtu wa Jangwani, na ujirani huu una udhia wa pekee, kwamba wa chini humjua wa juu kwa uchafu wake, ilhali wa juu hamjui wa chini kwa lolote. Jirani wa ukuta kwa ukuta ukimuudhi atabisha hodi. Jirani wa bondeni hana mlango wa kubisha.

Najua kwamba watu wengi, hata wasipolitamka, huhesabu mambo ya majitaka kuwa ni fardhi kifaya, ambayo baadhi ya watu wakiitimiza, wengine huondokewa na dhima. Na baadhi ya watu wenyewe, kwa dhana yao, ni DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya mji, pamoja na halmashauri. Kuhusu kujenga bomba, kulizibua na kulikarabati, nakubaliana nao bila ya shaka, kwani mwananchi anayelipa ankara yake hapaswi kushika koleo na kuingia chembani. Lakini kuhusu kile kinachoingia katika bomba, hakuna mamlaka duniani yenye mkono mrefu wa kufika katika kila jiko saa ya kuosha sufuria, au katika kila choo usiku wa manane. Hapo dhima ni ya kila nafsi, nayo ni fardhi ain, isiyoondoka kwa mtu mwingine kuitekeleza.

Nianze na mvua, kwa kuwa ndiye mkosaji asiyeshukiwa. Bomba la majitaka hupimwa kwa kiasi cha maji wanayotumia watu, na nafasi fulani juu yake. Halikupimwa kwa mawingu. Chukueni paa la bati la mita 100 za mraba, ambalo si paa la kasri: kila milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo masika ya pwani huweza kuileta kwa asubuhi moja, humwaga juu ya paa hilo lita 5,000. Familia ya watu sita, hata tukimkadiria kila mmoja lita 80 kwa siku, hutoa majitaka yasiyofika lita 500. Basi mwenye nyumba aliyeunganisha mlizamu wa paa lake na chemba ameuongezea mtandao, kwa asubuhi hiyo moja, uzito wa familia kumi na zaidi zilizohamia uani mwake bila ya taarifa. Na wakiwapo ishirini wa namna yake katika mtaa mmoja, hakuna mhandisi awezaye kuwaokoa watu wa chini. Tena wapo ambao hawakuunganisha kitu, walakini maji ya mvua yanapotuama uani huchukua mtaimbo wakaufunua mfuniko wa chemba, wakayaona maji yakinywewa kwa kishindo pamoja na mchanga, majani na mifuko ya uwanjani, wakamshukuru Mola kwa faraja. Na faraja yao hiyo, baada ya muda si mrefu, huzuka chooni kwa mtu mwingine.

Maji ya mvua yana pahala pake, napo ni ardhini, mtaroni au katika chombo. Watu wa pwani wa zamani, ambao bomba hawakuwa nalo, walijenga birika majumbani mwao na kuyathamini maji hata ya kunawia miguu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliona milangoni mwa misikiti visima vifupi na kata ya mti ya kuchotea, ili aingiaye aoshe miguu kabla ya kukanyaga ndani. Wajukuu wao leo huiacha mvua ya bure imwagike chembani, kisha wakanunua maji ya dumu. Tangi chini ya mlizamu, hata dogo, lafaa kwa kufulia, kwa bustani na kwa kuvutia choo. Na juu ya ua niseme neno ambalo huenda likawaudhi wenye fedha kidogo waliopo hapa: siku hizi uungwana wa ua umekuwa ni pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, pasibakie hata pa kuota mchaichai, na ua wa namna hiyo ni paa la pili lililolazwa chini, haliwezi kunywa tone. Kuacha robo ya ua iwe udongo, mgomba na majani hakumpunguzii mtu heshima, na kunaipunguzia mitaro mzigo.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Mafuta ya kukaangia maandazi, samaki na chipsi huingia bombani yakiwa mepesi na moto, yakapoa njiani, yakashika ukuta wa bomba kama ukoko unavyoshika sufuria, na kila siku ikaongeza tabaka juu ya tabaka la jana. Tena hukutana na chokaa iliyomo katika saruji na katika maji yenyewe, yakageuka kitu cha jamii ya sabuni ngumu, ambacho fundi hukikata kwa chuma. Hunasa chembe ya wali, machicha ya nazi, majani ya chai, nywele na uzi, mpaka bomba la upana wa kichwa cha mtu likabaki na tundu la ngumi. Wapo wanaodhani kwamba maji ya moto na sabuni nyingi huondoa dhambi hii. Hayaiondoi, huisogeza tu, kutoka chini ya nyumba ya mwenye sabuni hadi chini ya nyumba ya asiyekuwamo.

Msidhani kwamba ninawasimanga watu wa nchi maskini. London, mji uliokuwa na utajiri wa nusu ya dunia, uliachia uchafu wake wote katika Mto Thames mpaka kiangazi cha mwaka 1858 uvundo ukalifikia Bunge lililo ukingoni, na waheshimiwa, ambao vilio vya maskini wa mtoni havikuwa vimewaharakisha, wakapitisha fedha kwa wepesi wa ajabu pua zao zilipoguswa. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya chini ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa hutumika hata leo. Lakini mifereji ile huchukua mvua na majitaka pamoja, na mji ulipokua, mvua ikawa huifurikisha na kumwaga uchafu mtoni, hata wakalazimika kuchimba handaki jipya la kilomita 25 chini ya mto, lililokamilika mwaka 2025. Na katika mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafundi walikuta bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vya kupangusia watoto, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, nao wakafanya kazi ya majuma mengi kulimega. Mji wenye mabomba mazuri na mafundi hodari umeshindwa kulijengea jiko bomba lisiloziba, sembuse sisi.

Basi mafuta yaliyotumika na yapoe, yatiwe katika chupa au kopo, na yaliyoshika kikaango yapanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Wenye migahawa na hoteli, ambao mafuta yao ya siku moja hupita ya mtaa mzima, wana wajibu ulio juu zaidi: kujenga kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya maji kufika bombani na, jambo ambalo wengi hulisahau, kukisafisha, maana kisanduku kilichojaa hakinasi kitu, kinabaki kuwa ushahidi wa mkaguzi tu. Mama lishe na muuza chipsi wa kibarazani siwataki wabebeshwe gharama ya kisanduku; mchujo wa waya juu ya tundu na dumu la mafuta machafu vinawatosha, na wapo watengeneza sabuni ambao dumu hilo kwao ni mali.

Vitu vigumu vitupwavyo chooni nitavitaja kwa upesi, si kwa sababu ni vidogo bali kwa sababu kila mtu anavijua: matambara, magunzi, karatasi za gazeti, nepi ambazo watu huziita pampasi, vitambaa vya kupangusia, nywele zilizosukuliwa. Karatasi ya chooni hulegea katika maji na kusambaratika. Kitambaa hakilegei, hata kama pakiti yake inadai kinyume, na anayetaka yakini atie vyote viwili katika ndoo ya maji usiku mmoja, asubuhi avikoroge kwa kijiti. Limebaki moja ambalo wanaume hupenda kulipita, nalo ni pedi. Mpangaji wa kike, katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja cha uani, hazitupi chooni kwa ujinga. Huzitupa kwa haya, kwa kuwa hakuna mtu aliyefikiri kumwekea chombo chenye kifuniko ndani ya choo, na mlango unaofungika. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba shimo lake hujaa upesi, na gari likija mpira unaziba, angeanza kwa kununua ndoo hiyo.

Nimefika sasa kwenye shimo, na hapa nitakaa, kwa kuwa nyumba nyingi za mji huu hazina bomba la majitaka kabisa, na mashauri yote juu ya sinki ni hadithi za ng'ambo kwa watu wake. Kila mkazi wa bondeni anajua maana ya kutapisha choo. Shimo limejaa, gari la kunyonya ni ghali, au haliwezi kupenya uchochoro, mvua kubwa inanyesha usiku, basi ubavu wa shimo hutobolewa au bomba lililotegwa zamani hufunguliwa, na uchafu wa mwaka mzima ukaondoka na mkondo katika giza, ukapita mbele ya nyumba za watu, ukaingia kijitoni. Wengine huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa koleo na ndoo, wakichota kwa mikono yao na kufukia katika shimo jingine kando yake, kazi yenye hatari ya magonjwa, ya kuta kuporomoka na ya hewa yenye sumu, ambayo malipo yake hayalingani na hata robo ya hatari hiyo. Mimi sina ghaidhi juu ya vyura. Wanafanya kazi ambayo mji umeihitaji na umeikana.

Kutapisha ni dhuluma, na sitaitafutia udhuru. Lakini insafu yanilazimisha kuitazama sababu yake, nayo mara nyingi ni fedha na njia. Juu ya fedha, kinamama wa miji yetu wana chombo ambacho hakijapata kutumiwa ipasavyo katika jambo hili, nacho ni upatu. Nyumba kumi zilizo jirani, zikichanga kidogo kila mwezi kwa ajili ya mashimo tu, zitakuwa na akiba ya kuita gari kwa zamu kabla shimo halijajaa, na mwenye gari anayeitwa kwa mashimo matatu ya mtaa mmoja kwa siku moja husikia lugha ya kupunguza bei. Mjumbe wa nyumba kumi, ambaye watu humkumbuka siku za msiba na za uchaguzi, anaweza kuushika mchango huo kwa daftari lililo wazi. Asipoaminika, ashike mwingine. Juu ya njia, mahali gari lisipopenya ipo pampu ya mkono iliyojaribiwa katika mitaa ya Temeke, ambayo huvuta uchafu ukatiwa katika mapipa yakachukuliwa kwa pikipiki ya magurudumu matatu mpaka pa kumwagwa kihalali, na kijana aliyekuwa chura akawa fundi mwenye viatu na glavu. Kazi za namna hii hazidumu kwa hisani. Hudumu kwa wateja, na mteja ni huyu huyu mkazi, anapokubali kulipa mchana kwa jambo ambalo jirani yake hulifanya bure usiku.

Wenye nyumba hawana budi wasikie sehemu yao. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, kodi huwa ya mmoja na shimo huwa la wote, na kitu cha wote aghalabu hukosa mwenyewe. Ni taksiri ya wazi kwa mtu kupokea kodi ya miezi sita, kisha akawaachia wapangaji wagombane juu ya nani amejaza choo. Mkataba uandike nani anaita gari, na ajengaye upya alijenge tangi karibu na njia, lenye mfuniko unaofunguka, si chini ya chumba cha mtu. Na lisijengwe ukingoni mwa mto, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo, na mto wenyewe una sheria yake ya zamani zaidi. Desemba 2011 Msimbazi ulizivuka kingo zake, watu zaidi ya arobaini wakafa katika mafuriko ya mji huu, na baadhi ya waliobakia bila makao wakahamishiwa Mabwepande. Maji yaliyoingia katika nyumba za Jangwani siku zile yalikuwa ni mto, mvua, mitaro na mashimo ya vyoo, vyote kwa pamoja, yakafika vifuani mwa watu na katika vyombo vyao vya kulia.

Hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Watu wa visiwa vyetu waliujua ugonjwa huu kwa uchungu: ulirejea Zanzibar zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na pigo la mwaka 1869 hadi 1870 lilishuhudiwa na tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi mjini humo, akaandika kitabu juu ya safari za kipindupindu katika Afrika ya Mashariki kilichotoka mwaka 1876. Kabla yake, mwaka 1854, daktari John Snow alikwisha kuonyesha London kwamba maradhi hayo hunywewa kutoka katika pampu ya mtaa, wala hayaji kwa hewa mbaya. Sayyid Barghash, aliyetawala baada ya pigo lile, aliuletea mji wa Zanzibar maji safi ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, tendo ambalo mimi, nikiulizwa, huliweka juu ya majumba yake yote ya fahari. Ila maji safi huingia mjini kwa bomba moja na kutoka kwa jingine, na kuliangalia la kuingia tu hakutoshi. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Na mboga za mabondeni, mchicha na matembele, humwagiliwa kwa maji ya Msimbazi kisha hupandishwa sokoni, ikawa aliyetapisha choo chake bondeni huweza kukutana nacho tena mezani akidhani ameachana nacho.

Juu ya mifuniko ya chemba sina maneno mengi. Anayeiba mfuniko akauuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na anayeununua akijua, wamechimba kaburi katikati ya njia ya watoto, na fauka ya hayo wameifungua njia ya taka kuingia bombani. Mtaa unaouona mfuniko ukiondoka na ukanyamaza umeshiriki. Uwekwe mti wenye kitambaa chekundu juu ya tundu, itolewe taarifa siku ile ile, na watoto wakatazwe kucheza katika maji yanayobubujika, hata yakionekana meupe.

Nisije nikaonekana kuwa wakili wa wenye madaraka. Raia ana haki ya kudai: taarifa ya kufurika ijibiwe kwa siku, si kwa majuma, pampu ziwe na umeme wa akiba, mabwawa yazolewe tope lake, maana bwawa lililojaa tope ni dimbwi la kupitishia uchafu tu, magari ya kunyonya yawe na mahali pa karibu pa kumwaga, kwa kuwa dereva anayepelekwa mbali na kutozwa ada kubwa hushawishika kuumwaga mzigo njiani, na mabomba yawafikie watu ambao hawajafikiwa, ambao ndio wengi. Mdai mwenye mikono safi husikilizwa zaidi, na madai yaliyoandikwa na serikali ya mtaa, yakiwa na tarehe, mahali na picha, hushinda makelele ya watu kumi yasiyoandikwa.

Masika huanza Machi. Kwa hiyo kazi hii ifanywe Februari, ardhi ikiwa kavu na mafundi wakiwa na nafasi: uzoleni mtaro ulio mbele ya nyumba, taka zake zichukuliwe zisirundikwe kando zikangoja mvua ya kwanza izirudishe, lifunueni tangi mlitazame limefika wapi, na kama limekaribia kujaa gari liitwe sasa, kabla mji mzima haujaliita, kateni mizizi ya mfikasi uliopandwa juu ya bomba, kwa kuwa hutafuta maji katika kila ufa, kisha lifuateni kwa macho bomba la mlizamu wa paa lenu, kutoka juu mpaka mwisho wake, mjue linamwaga wapi. Kama mwisho wake ni chemba, fundi wa kulikata na kuligeuzia mtaroni huhitaji asubuhi moja, msumeno, kona moja na kipande cha bomba.